Debe Lililolambwa

Kama una chakula mkononi, kiweke kando kwanza. Nimekuonya. Ukitapika, hiyo ni shauri yako.

Mambo yalianza na debe kuwa jepesi.

Thuo na Mulama walilishika asubuhi kama kawaida, mti umepitishwa kwenye kishikio chake, mmoja mbele mwingine nyuma, waende kulimwaga shimoni nyuma ya jiko la rumande. Seli nzima ilikuwa imelitumia tangu jana yake, mlango ulipofungwa mchana. Wanaume waliobanana kama viazi kwenye gunia, wote matumbo yanawaendesha kwa maharagwe yenye wadudu. Hebu pima uzito wake mwenyewe. Lakini walipolinyanyua lilipaa bila kazi, karibu Mulama aanguke chali.

"Umemwaga wapi, wewe?" Thuo akanong'ona, maana askari alikuwa mlangoni.

"Mimi? Si wewe ndiye unalala nalo kama bibi yako?"

Thuo akafunua kile kipande cha mbao kilichokuwa kifuniko. Ndani debe liling'aa. Halikuwa limeoshwa, kwa sababu seli ile sabuni ilikuwa hadithi tu. Lilikuwa limelambwa. Alama za ulimi zilionekana wazi, mistari mipana ya mate mazito yanayovutika kama mrenda, ikizunguka kutoka chini mpaka ukingoni. Na ulimi wenyewe ulikuwa mpana kuliko kiganja cha mtu.

Wakafunika. Wakaenda shimoni na debe tupu, wakajifanya wanamwaga, wakarudi. Wewe ungesema nini? "Afande, kuna mtu amekula choo chetu"?

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na tisa. Thuo alikuwa fundi viatu wa mtaa wa Bahati, mdomo mrefu, aliyewekwa ndani kwa sababu mteja alimwachia redio ya wizi kibandani. Mulama alikuwa kibarua wa kiwanda cha sabuni, mkaazi wa Mukuru kwa Reuben, aliyempa msimamizi wake ngumi moja ya mdomo. Wote walikuwa wanangoja kesi. Waliingia siku moja, na desturi ya seli ni kwamba wageni hubeba debe mpaka waje wageni wengine. Hiyo ndiyo ndoa yao. Mapenzi hayakuwepo. Thuo alimwita Mulama "bwana kuku", Mulama akamwita yeye "bwana githeri", kila mmoja akimcheka mwenzake kwa chakula cha kwao: kuku wa Magharibi, mahindi na maharagwe ya Mlima.

Seli yenyewe ilikuwa imegawanyika. Watu wa Mlima Kenya, kina Thuo, walikaa chini ya dirisha, watu wa Magharibi, kina Mulama, mlangoni, na katikati pakabaki Qorane peke yake, kijana Msomali wa Eastleigh muuza vitambaa, mwoga kama kuku wa sikukuu. Sembe, ule ugali wa jela, ililetwa ikiwa bonge moja kwenye sinia, ikakatwa kwa uzi uliochomolewa kwenye blanketi, siku moja mkataji wa upande huu, siku ya pili wa upande ule. Mwanzoni watu walikula tu. Halafu mchana mmoja sauti ikasema kutoka nyuma, "Huyo mkataji ameitemea mate sehemu yenu."

Basi. Tangu hapo sembe iliyoguswa na mkono wa upande wa pili haikuliwa. Iliingia debeni. Pwaa! Na kila mtu aliitupa kwa madaha, akiangalia wenzake kama mwanamume aliyemshinda bondia. Rumande chakula cha nyumbani kiliruhusiwa, kwa hivyo wengi wangeweza kujivuna. Waruguru, mke wa Thuo, alileta githeri kutoka Bahati bila kukosa. Lakini Mulama hakuwa na mtu. Sembe ya jela ndiyo ilikuwa mama yake na baba yake, na bado aliitupa siku za mkataji wa Mlima, kwa sababu wenzake walikuwa wanamtazama.

Mulama akaanza kukonda, na debe likaanza kutafuna.

Ndiyo, kutafuna. Mchana, mwanga bado upo dirishani, ulisikia chini ya kile kifuniko: chwap, chwap, chwap, kama mtoto anayenyonya mfupa. Halafu kucheua. Halafu harufu, na hii ndiyo sehemu ninayokuonea huruma, kwa sababu haikuwa harufu ya choo, choo watu walikuwa wamekizoea. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyochacha yakamwagiwa marashi ya waridi, tamu, nzito, inakushika kooni kama unywele uliomeza.

"Nyinyi mnakipikia," Qorane alisema siku moja, amejikunyata mbali na debe. "Warya, sikieni, mama yangu alituambia tangu utotoni. Chooni ndiko wanakokaa. Na huyu mmemzoesha sembe."

"Nani hao?" Bedan akauliza. Bedan ndiye alikuwa msemaji wa upande wa Mlima, jamaa wa shingo nene.

"Majini, nani mwingine? Hebu niambieni, siku ile nani alisema sembe imetemewa mate?"

Watu wa dirishani wakaonyesha mlangoni. Watu wa mlangoni wakaonyesha dirishani. Kisha vidole vyote vikashuka polepole, kwa sababu nyuma ya seli, pale sauti ilikotoka, hapakuwa na mtu anayelala. Palikuwa na debe.

"Kinakula mnachokataliana," Qorane akasema. "Msipotupa kitu, kitakufa njaa au kitaondoka."

"Kwa hivyo nile mate ya hawa?" Bedan akacheka. "Afadhali jini."

Wakaendelea kutupa. Wanadamu bwana!

Thuo ndiye aliyeona miguu. Mulama sasa alikuwa hawezi kusimama, na askari alipoambiwa alijibu kwamba hata yeye hajisikii vizuri. Blanketi lilipoteleza, Thuo akaona nyayo za mwenzake zimekuwa nyeupe, zimekunjamana kama nguo iliyolowekwa ikasahauliwa, na juu ya ngozi ile mistari mipana ya ute ilikuwa inapanda kutoka vidoleni, ikapita vifundo, ikafika magotini, mibichi bado, inanukia waridi.

Kilikuwa kimemaliza debe. Sasa kilikuwa kinaonja mtu.

Thuo akatapika hapohapo. Ukimuuliza angekuambia hakumpenda Mulama hata kidogo. Lakini kuna asubuhi moja aliteleza njiani wakiwa wamelibeba debe likiwa bado linajaa, na likaanza kumwelekea usoni, na Mulama akauvuta mti upande wake mwenyewe, akaloa uchafu kifua kizima, kisha akasema tu, "Tembea, bwana githeri, nzi wananipenda." Kitu kama hicho hakitoki kichwani, hata ukikisugua.

Mchana ule sinia ilipoletwa, Thuo akajitolea kukata. Akachukua kipande cha Mulama, akakaa naye chini.

"Kula."

"Umetemea," Mulama akasema kwa sauti ya chini sana. "Nimekusikia ukisema. Kila siku unanisemesha sikioni. Unasema nikifa utachukua blanketi langu."

"Sijakusemesha mimi."

"Ni sauti yako, fundi."

Na kutoka pembeni, chini ya kifuniko, sauti ya Thuo ikasema kwa furaha, "Nimetemea, bwana kuku. Nimetemea sana."

Bedan mwenyewe, shingo yote ile, akarudi nyuma mpaka akamkalia mtu wa Magharibi mapajani, na mtu yule hakumsukuma.

Thuo akakata tonge la kile kipande, akalila mbele ya macho ya Mulama. Akamwekea lingine mdomoni. Mulama akatafuna, akatafuna, lakini koo lake lilikuwa limefunga kwa njaa, akakohoa, na tonge likarudi kiganjani mwake likiwa uji wa kijivu wenye mate na uzi wa damu ya ufizi.

"Tupa!" wakapiga kelele watu wa dirishani. "Tupa!" wakaitika watu wa mlangoni, mara ya kwanza kukubaliana tangu waingie, na kifuniko cha debe kikaanza kuinuka chenyewe, polepole, na chini yake ukatoka ulimi, wa rangi ya ini, umejaa vipele vyenye maji, ukatambaa sakafuni ukiacha ute nyuma yake, ukapita kwenye blanketi la Qorane aliyekuwa anasoma dua, ukaja mpaka kwenye kiganja cha Mulama, ukasimama hapo ukitetemeka, ukingoja, kama mbwa aliyezoea kwamba mkono huu haujawahi kumnyima.

Thuo akakichukua kile kitu kiganjani. Akakitia mdomoni. Kilikuwa cha vuguvugu. Akameza, kikagoma, kikapanda, akaziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, akameza tena.

"Tamu," akasema. "Kama sembe yenu ya Magharibi."

Mulama akacheka. Kicheko chembamba, lakini kicheko.

Ulimi ukarudi debeni kwa nguvu ukapiga bati kama jiwe. Halafu likaja yowe la mtoto anayeachishwa ziwa, refu, la hasira, na ndani ya yowe lile kila mtu akasikia sauti yake mwenyewe ikitukana jirani yake. Debe likapinduka. Kitu chenye unyevu kikapanda ukutani, kikapita kati ya nondo za dirisha, na harufu ya waridi ikakatika.

Kesho yake hakuna aliyetupa kitu. Bedan alikula sembe ya mkono wa Magharibi akiwa amefumba macho, lakini alikula. Mulama akapata githeri ya Waruguru, akapona baada ya siku chache, na asubuhi moja debe lilikuwa zito na linanuka kinyama. Thuo na yeye walilibeba wakicheka kama wendawazimu.

Kesi zao ziliisha, wakaachiliwa. Jumapili moja Mulama akaja Bahati kuwatembelea. Waruguru akampokea kwa heshima zote, "Karibu, shemeji," akampa chai na viazi, na Mulama, mtu wa adabu, akabakisha kidogo sahanini. Alipoondoka, Waruguru akashika ile sahani kwa ncha za vidole, akayamwaga mabaki kwenye ndoo ya uchafu, na kikombe akakiweka mbali na vingine.

"Mbona unamwaga?" Thuo akauliza kutoka kitandani.

"Baba Jecinta, hawa watu hatujui wanakula nini huko kwao. Eti kuna mtu ameniambia huwa wanatemea."

"Nani amekuambia?"

"Si jirani?" Waruguru akafikiri. "Mtu tu. Nyuma ya nyumba."

Asubuhi Thuo aliamshwa na sauti ya mkewe jikoni, ya furaha kabisa.

"Baba Jecinta! Leo umenisaidia kazi! Nani amekufundisha kuosha ndoo mpaka inang'aa hivi?"

Thuo alikuwa amekaa kitandani, blanketi limefunuliwa, anaitazama miguu ya mtoto wake Jecinta aliyekuwa bado amelala, na chumba kizima kilinukia waridi.