Aliyejibu Karakanani

Siku ya kwanza kujibiwa, Kipimo alidhani ni mkewe. Alikuwa amebana kipande cha shaba kwenye mashine ya kukereza, ameinama, miwani imemteleza puani, kidole kiko kwenye swichi. Akasema kama alivyozoea, "Mikono?" Na nyuma yake, karibu na kabati la tupa, sauti ikajibu, "Nje." Akawasha. Alikereza shaba mpaka ikafika unene alioutaka, akazima, akageuka kumuuliza mkewe kama maji ya chai yamechemka. Chumba kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, na komeo alilifunga yeye mwenyewe kwa ndani.

Neno hilo alitoka nalo kazini. Kwenye karakana kubwa ya reli alikofanya kazi ujana na utu uzima wake, mashine moja ilizungukwa na watu wengi, huyu anafunga, yule anapaka mafuta. Aliyeshika swichi aliuliza, "Mikono?" na kila aliyekuwa karibu alijibu, "Nje." Asipojibiwa hawashi, hata bosi awe anatokwa povu. Kipimo aliwahi kuona nini humpata mtu ambaye wenzake walisahau kuuliza, na tangu hapo hakusahau. Mkewe alimtania kwamba anauliza hata kabla ya kufunga droo ya vijiko.

Alipostaafu alinunua mashine chakavu ya kukereza, akaifufua, akaiweka chumba cha nyuma ili atengeneze garimoshi dogo la mvuke. Msifikiri ni kitu cha kuchezea. Lilikuwa na urefu wa mbwa mkubwa aliyelala, lenye boila ya kula makaa ya kweli na nguvu ya kumvuta mtu mzima, na kila kipande alikikereza yeye. Yalikuwa mapenzi, na mapenzi hayana akili. Jina la Kipimo alipewa kwa sababu alipima kila kitu, hata vipande vya mkate, akalalamika kimoja kimezidi.

Kwa hiyo kwa miaka mingi mtu huyu alisimama peke yake kwenye chumba kile, akauliza kuta kama zimetoa mikono, akasubiri kidogo kwa adabu, kisha akawasha. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba si vizuri kuuliza mahali pasipo na mtu. Na nani angewaza kumwambia?

Baada ya siku ile alijibiwa kila mara. Sauti haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke, ilikuwa kavu, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kunywa maji. Ilikuja na harufu ya sarafu iliyoshikwa muda mrefu na mkono wenye jasho. Hapa ndipo ninapomlaumu. Mtu mwenye akili timamu angefunga mlango siku ya pili na kuuza kila kitu kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kipimo alifurahi. Aliona kama wenzake wamerudi. Alianza kusema asante akijibiwa, na kazi ikamnyookea vizuri ajabu. Magurudumu yalitoka sawasawa, silinda zikang'aa. Habari hiyo alimficha mkewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kilipakana na karakana. Watu walitoka mbali kumletea vitambaa, kwa sababu vidole vyake vilijua nguo kabla macho hayajaiona. Mara mbili tatu alisikia mumewe akiongea, akamuuliza anaongea na nani. Kipimo akasema anaongea na chuma. Mkewe akacheka, akarudi kwenye pindo lake.

Alasiri moja shemeji alikuja, mdogo wa mwanamke huyo, mchomeleaji wa mageti, mtu wa mizaha na kelele nyingi. Kipimo alihitaji mtu wa kumshikia ekseli, ile fimbo ya chuma inayobeba magurudumu, wakati anaikaza kwenye taya za mashine, zile zinazobana chuma kinachokerezwa. Shemeji akaweka mkono wa kulia katikati ya taya, anahangaika na ekseli, anasimulia habari ya mteja aliyetaka geti lenye picha ya simba. Kipimo alikuwa amempa mgongo shemeji pamoja na zile taya, anaangalia mchoro ukutani, kidole kiko kwenye swichi.

"Mikono?"

"Nje," sauti ikajibu, haraka, kabla shemeji hajafunga mdomo.

Mashine iliguruma. Shemeji hakupiga kelele mara moja, alitoa pumzi ndefu ya kushangaa, kisha kelele zikaja, na Kipimo alipogeuka aliona shati la shemeji limevutwa mpaka begani, damu imepigwa ukutani kwa mstari wa duara unaoanzia sakafuni na kupanda hadi kwenye taa, na mkono uliotoka kwenye taya ukiwa na vidole viwili tu na kitu kilichoning'inia ambacho hakuwa tayari kukiita kidole. Alizima. Akaukaza mkono wa shemeji kwa mkanda wake wa suruali ili kuzuia damu. Mkewe aliingia mbio, akaona, akajikaza, akamkokota mdogo wake mpaka barabarani.

Hospitali walisema leteni vidole, pengine vitaungwa. Kipimo alirudi akapiga magoti. Alichambua nyuzi zote za chuma zilizokuwa chini ya mashine, zikamkata viganja, akafungua vifuniko, akamwaga mafuta. Hakuona kidole hata kimoja. Na alipokuwa amelala kifudifudi, shavu kwenye damu ya shemeji yake, alisikia juu ya meza ya kazi kitu kikigonga, tap, tap, kwa subira, kama mtu anayejaribu vidole vipya.

Alimwambia mkewe kila kitu jioni hiyohiyo. Kilichomuuma mwanamke zaidi kilikuwa ile asante.

"Ulikuwa unalishukuru," alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu ukuta ulikuwa mwembamba. "Linakuongopea, na wewe unasema asante."

Mganga waliyemwita alikuja asubuhi, jua limeshapanda. Alikuwa mama mfupi mwenye mkoba mzito na viatu vya mpira, na alitaka kwanza kuonyeshwa swichi kuu ya umeme iko wapi. Aliizima mwenyewe. Akaingia karakanani, akanusa, akauliza neno lile lilisemwaje. Kipimo akafungua mdomo, mganga akamziba.

"Usilitamke hapa. Niandikie hewani kwa kidole."

Akaelewa. Aliwatoa nje, akawaeleza kwa mnong'ono, na maelezo yake yalimfanya Kipimo akae chini kwenye ngazi. Viko vitu vinakaa kwenye nyumba miaka na miaka bila kumsumbua mtu, alisema, kwa sababu hakuna anayevijali. Hiki kilikuwa kimoja. Hakikuwa na mwili, wala hakikujua kwamba kimekosa kitu. Kisha akaja mtu akakiuliza kila siku, kila saa, mikono yako iko wapi.

"Umekitia aibu, baba. Mwanzo kikanyamaza. Halafu kikaanza kudanganya. Sasa kimechoka kudanganya, kinataka iwe kweli. Na vidole vya mchomeleaji havikitoshi."

Alipomaliza aliangalia mikono ya fundi cherehani, akaangalia pembeni. Kipimo aliuona mtazamo ule, akajua ni mikono ipi inayotakwa. Hakujali tena garimoshi. Alitaka mkewe abaki mzima, basi.

Dawa ilikuwa rahisi kwa maneno. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekiita kazini, yeye ndiye angekiachisha kazi. Angeingia, angesimama mahali pake mbele ya mashine, angesema kazi imekwisha, mlango uko wazi. Mganga angesoma visomo vyake na kuteketeza majani yake yenye moshi mchungu. Mkewe alipaswa kukaa nje ya nyumba, mbali, mikono ndani ya nguo.

Mkewe alikaa uani. Kilichomrudisha ni sauti ya mumewe ikimwita kutoka chumba cha kushonea, ikimwita kwa jina la utani ambalo hakulitumia mbele za watu, ikisema njoo, nimekatika. Alikimbia. Kipimo hakuwa amemwita, alikuwa karakanani anatamka maneno yake, na alipomwona mkewe anaupita mlango wa kati, unaounganisha chumba cha kushonea na karakana, kichwa mbele, kilemba kimefunguka, alijua wamechezewa.

Umeme ulikuwa umezimwa, lakini mashine iliwaka. Ncha ya kilemba iliruka yenyewe ikaingia kwenye taya, taya zikaanza kuzunguka, na kitambaa kikajisokota, kikamvuta mwanamke shingo na nywele mpaka kifua chake kikagonga chuma, na akaweka viganja vyote viwili mbele kujizuia, jambo ambalo mtu yeyote angefanya na ndilo jambo ambalo kile kitu kilikuwa kinalisubiri. Mganga alimrukia kiunoni akamvuta, akatupwa ukutani, jino likamtoka, akarudi tena huku akisoma na kutema damu, na nyuzi za chuma zilizokuwa sakafuni zikainuka zikamchapa usoni, za moto, zikinuka nywele zilizoungua, na magurudumu ya lile garimoshi dogo, ambalo halijawahi kutiwa hata tone la maji, yakaanza kwenda mbele na nyuma juu ya meza, mbele na nyuma, na pistoni zikipumua. Kipimo alichukua nyundo akapiga swichi, ikavunjika, mashine ikazidi. Akapiga mkanda wa mashine, nyundo ikamponyoka. Vidole vya mkewe vilikuwa vimefika kwenye taya. Alisikia kucha ya kwanza ikikwaruza chuma.

Hapo ndipo alipouliza. Aliuliza kwa sauti ya karakana kubwa, sauti ya ujana wake.

"Mikono?"

Mashine ikasita. Ilikuwa imefunzwa hivyo, na yeye ndiye aliyeifunza. Kitu hicho kililazimika kujibu kwanza.

"Nje," kikasema, kwa hasira, kikidanganya kwa mara nyingine.

"Wangu uko ndani," Kipimo akasema, akausukuma mkono wake wa kulia kati ya meno ya gia, chini ya taya, mpaka kwenye kifundo.

Gia zilitafuna. Sitaeleza sauti yake. Mfupa ulikwama pale ambapo nyundo ilishindwa, mashine ikatikisika, ikanguruma kwa nguvu zake zote, ikafa. Kilemba kililegea. Mkewe alianguka chali, vidole vyake vyote kumi viko juu ya kifua chake, vimechubuka, vizima. Mganga alifungua dirisha. Ile harufu ya sarafu ilitoka, wote watatu wakaisikia ikipita, na chumba kikabaki na harufu ya damu peke yake.

Ule mkono haukupatikana, kama vidole vya shemeji. Mganga alisema umechukuliwa na aliyeondoka, na deni hilo limefungwa. Alisema hivyo bila kumtazama mtu usoni. Karakana ikafungwa kufuli mbili, na funguo zikatupwa kwenye shimo la choo.

Maisha yakatulia. Shemeji alirudi kwenye mageti yake, akawa anawatania wateja kwamba sasa anawapunguzia bei kwa idadi ya vidole alivyopoteza. Kipimo alijifunza kunywa chai kwa mkono wa kushoto, na akaacha kupima mkate. Mchana alikaa kwenye kiti karibu na cherehani ya mkewe, akimkunjia nguo zilizokwisha, vibaya, na mkewe akizikunja upya akimwona hamtazami. Walikuwa hawajawahi kukaa pamoja hivyo tangu walipooana. Walikuwa na furaha, naona niseme wazi.

Ilikuwa alasiri, jua liko dirishani, sindano inakwenda. Mkewe alisimamisha cherehani ili ageuze kitambaa, na katika ukimya huo wakaisikia kwa upande wa pili wa ukuta. Ilikuwa tupa. Mtu alikuwa anakwangua shaba, haraka mara mbili, kisha kwa kuvuta, kisha anatua kupuliza vumbi.

Mwanamke alimtazama mumewe ili aambiwe ni panya. Kipimo alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake wa kulia pale kilipoishia.

"Huyo ni mimi," alisema. "Mwendo huo ni wangu. Huo mkono ni wangu."

Tupa ikawekwa chini, taratibu, mahali pake. Wakasikia taya zikikazwa, kwa ufundi, na mtu asiye na haraka. Kisha, kwa sauti kavu ambayo sasa haikuwa na aibu yoyote, kitu kikauliza kutoka nyuma ya ukuta.

"Mikono?"

Mke alitoa vidole vyake chini ya sindano. Alipoinua macho alimwona mumewe amefungua mdomo. Hakuwa amekusudia, macho yake yalikuwa yanamsihi amzuie, lakini midomo ilikuwa inaunda lile neno alilojibu maisha yake yote. Alimrukia. Kiti kikaanguka, wakaanguka nacho, akamkandamiza mdomo kwa kiganja chake na cha pili juu yake, akahisi neno likimpiga kwa ndani likitafuta pa kutokea.

Upande wa pili hapakusikika kitu. Hakikuwasha. Kilikuwa kinasubiri kijibiwe, kwa adabu, kama kilivyofundishwa.

Kisha kikauliza tena.