Fundo la Kasuku

Mimi mbio sizijui. Hata gari likiniacha kituoni nasimama palepale nasubiri jingine, sikimbizani na mtu. Kwa hiyo haya mambo ya watu wazima kujiandikisha wakakimbie msituni, walale kwenye mahema na kucheza muziki, nilikuwa nayacheka mpaka yalipowafika mabinti wa mama yangu mdogo. Sasa sicheki. Ninayowasimulia nimeyapata kwa mkubwa wao mwenyewe, akiongea huku anashona, na hakuinua macho kwenye cherehani hata mara moja.

Mkubwa tunamwita Fundi, kwa ajili ya cherehani hiyo. Mdogo tunamwita Kasuku, na ungekaa naye kidogo tu usingeuliza kwa nini. Mama yao alifariki Kasuku akiwa bado anavaa sare ya shule. Neno alilomwachia mkubwa lilikuwa lilelile alilokuwa akiwaambia kila akiwatuma dukani: "Usimwache mwenzio nyuma." Fundi akalishika. Akamlea, akampeleka kujifunza ususi, wakapanga fremu moja ya biashara yenye chumba cha kulala kwa nyuma. Upande wa dirisha cherehani, upande wa ukuta kioo na kiti cha saluni, na katikati pazia ambalo halijawahi kuzuia umbea wa aina yoyote.

Wateja walimsifu Kasuku kwa jambo moja: msuko wake haufumuki. Ncha ya kila msuko aliifunga kwa fundo lake mwenyewe. Anazungusha, anapitisha kwa chini, anavuta, basi, hata ulalie mwezi mzima. Fundi, pamoja na kushika nyuzi maisha yake yote, alijaribu kuliiga akashindwa. "Hili halina chuo, Dada," Kasuku alikuwa akimtania. "Utakufa hujalijua."

Mambo yalianza na Kocha. Huyu ni mkimbiaji wa zamani, goti limemharibikia, ndiye anayeandaa tamasha la mbio za msituni. Alikuja kuagiza vitambaa vya rangi ya chungwa vya kufunga kwenye matawi ili wakimbiaji wasipotee. Fundi akakata, Kasuku akapiga soga, na soga lilipokwisha Kasuku alikuwa ameshajiandikisha kukimbia.

"Wewe?" Fundi alicheka mpaka akaacha mkasi. "Wewe unayepumzika ukipanda ngazi mbili?"

"Nitakimbia kwa mdomo. Mguu utafuata."

Fundi alicheka tena, lakini moyoni hakutulia. Mdogo wake, msituni, peke yake? Ndipo alipomwomba Kocha ampe kazi yoyote nyuma ya wakimbiaji. Kocha akampa mkia.

"Mkia ni mtu anayetembea nyuma ya yule wa mwisho," Kocha alimweleza. "Kila ukipita, unafungua kitambaa, unatia kwenye mfuko. Msitu tunauacha tulivyoukuta. Ukifika kambini unashika kipaza sauti, unasema: nyuma yangu hakuna mtu. Hapo ndipo muziki unaanza. Kabla ya hapo hata ngoma haigongwi."

"Kazi rahisi."

"Rahisi." Kocha akateremsha sauti. "Ila usiseme hilo neno mpaka umemwona wa mwisho usoni. Usoni, Fundi. Ukishalisema, njia imefungwa."

Fundi alidhani ni ukali wa kazi tu. Kila fundi ana masharti yake.

Siku ya kwanza ya tamasha ilikuwa raha tupu. Mahema yalipangwa kwenye nyasi kama nguo zilizoanikwa, vijana wa muziki wakijaribu spika, moja mbili, moja mbili, mpaka wakamchosha kila mtu. Fundi na Kasuku wakaingia msituni na wenzao kufunga vitambaa. Fundi alibeba mfuko, Kasuku akafunga. Kila tawi fundo lake lilelile la saluni. "Huu mti nimeusuka," alisema kila baada ya kufunga, na kila mara akacheka kama ndiyo kwanza analisema.

Asubuhi ya mbio, Fundi alimwona anafunga viatu. Kamba ya kushoto ilikuwa imelika, imebaki nyuzi.

"Badilisha hiyo kamba."

"Itanifikisha."

"Kasuku."

"Dada, wewe si uko nyuma yangu? Ikikatika utanibeba."

Akavaa koti lake la mvua la njano, akapuliza filimbi ambayo kila mkimbiaji alipewa, akambusu dada yake shavuni kwa kelele. Kengele ikagongwa. Watu wakamwagika msituni.

Kama ilivyotarajiwa, Kasuku alikuwa wa mwisho. Kwa muda mrefu walikwenda pamoja, yeye mbele anahema na kusimulia habari za mteja aliyetaka nywele za bibi harusi wakati hana hata mchumba, Fundi nyuma anafungua vitambaa. Kufungua fundo lile kulikuwa kazi. Kila tawi lilimchelewesha kidogo. Kila akiinua kichwa, koti la njano limesogea mbele. Bado anamsikia. Bado anamwona.

Kisha ukungu ukashuka. Haukuja kwa mbali ukakaribia. Ulikuwa haupo, ukawepo.

"Kasuku! Usiende mbali!"

Mbele kule, koti la njano lilisimama. Mkono ukainuliwa juu, ukapunga. Halikugeuka. Likaanza tena kwenda.

Fundi akafungua kitambaa. Akatia mfukoni. Akatembea. Akafungua kingine. Ndipo alipogundua kwamba hasikii tena simulizi. Kasuku amenyamaza. Katika maisha yao yote, hata akiwa na homa, hata siku ya msiba wa mama yao, Kasuku hakuwahi kunyamaza kwa urefu ule.

"Umechoka?" aliita.

Mkono ukainuliwa. Ukapunga.

Sasa njia ilikuwa imejaa tope hadi kwenye vifundo vya miguu. Fundi alikuwa anang'oa mguu mmoja mmoja. Koti la njano lilikuwa linakwenda vizuri tu, bila kuteleza, bila kuharakisha. Umbali ulikuwa uleule. Akikimbia, uleule. Akisimama kufungua kitambaa, lenyewe linasimama. Linamsubiri, na mgongo umemwelekea.

Na hapo akasikia sauti. Nyuma yake.

"Dada!"

Aliganda.

"Dada, kamba imekatika. Nisubiri."

Ilikuwa sauti ya Kasuku. Si inayofanana na yake. Yake, na mkwaruzo wake, na namna anavyoivuta hiyo "Dada" akitaka kitu. Fundi akageuka. Ukungu tu. Njia aliyopita ilikuwa matawi matupu, hakuna hata kitambaa kimoja. Vyote vilikuwa kwenye mfuko begani kwake.

"Kasuku?"

"Dada, mbona unavitoa? Mimi nitapita wapi?"

Fundi akapiga hatua kurudi. Moja. Akatazama mbele. Koti la njano lilikuwa limeanza kufifia kwenye ukungu. Mkono umeinuliwa. Unapunga. Njoo.

Jamani, ninyi mngefanya nini? Msinijibu haraka. Mmoja anamsikia, mmoja anamwona. Akirudi nyuma na sauti ikawa uzushi wa msitu, mdogo wake wa kweli yuko mbele, peke yake, anapotea. Fundi ni mtu wa macho. Maisha yake yote ameamini kinachoonekana: kitambaa, chaki, kipimo. Na macho yalimwambia Kasuku yuko mbele.

"Dada, usiniache nyuma."

Alilia. Aliniambia wazi kwamba alilia kwa sauti. Kisha akakimbia mbele, na kwa sababu mikono ilishazoea kazi, aliendelea kuvuta vitambaa huku anakimbia, akivikwanyua na vijiti vyake. Nyuma yake filimbi ikapulizwa. Akaziba masikio.

Msitu ulipokatika, jua lilikuwa bado lipo. Kambi nzima ilikuwa inasubiri mkia. Watu wamekunja suruali zenye tope, wameshika vikombe, wanapiga miluzi. Koti la njano lilikuwa limeshavuka mstari, limesimama kando ya jukwaa, kofia imefunikwa kichwani. Mtu alimpa Fundi kipaza sauti. Mwingine akampigapiga bega. Wote wakaanza kuimba, "Mkia! Mkia! Mkia!" Fundi alikuwa anataka kitu kimoja tu, yale aliyoyasikia yawe si kweli. Na njia ya kuyafanya yasiwe kweli ilikuwa mkononi mwake.

"Nyuma yangu hakuna mtu," alisema.

Ngoma zikaanza. Katikati ya pigo la kwanza na la pili, alisikia filimbi msituni. Ilipulizwa nusu, ikakatika. Muziki ukaimeza.

Kocha alikuja anachechemea, anasukuma watu. "Umemwona usoni?"

"Yule pale."

"Nimekuuliza, usoni?"

Fundi akageuka kulitazama tena lile koti. Kocha akakaa chini kwenye nyasi, hapohapo, watu wakimruka wakicheza. Baadaye, Fundi alipomfuata tena na tena kwa maswali, jibu lake lilikuwa moja: "Nilikwambia usoni."

Fundi alimwendea mdogo wake taratibu. Akaishusha kofia ile. Alikuwa Kasuku. Pua ya Kasuku, kovu dogo la nyusi, kila kitu mahali pake. Fundi akamkumbatia, akamshukuru Mungu, akamtukana kidogo kwa kumtia presha.

"Ulikuwa unaniita kule nyuma?"

"Hapana."

"Mbona kimya?"

"Nimechoka."

Fundi akainama amvue viatu, kama alivyokuwa akimvua utotoni. Wakimbiaji wote pale walikuwa wamepakwa tope hadi magotini. Viatu vya Kasuku vilikuwa vikavu. Kamba ya kushoto ilikuwa nzima.

Kesho yake asubuhi aliwalazimisha wanaume warudi naye msituni. Walizunguka hadi mchana wakiita, huku wakitazamana kwa pembeni, maana mtu wanayemtafuta amekaa kambini anakunywa chai. Hawakupata kitu. Wakavunja mahema, wakarudi mjini.

Yule aliyerudi naye anaishi vizuri. Anaamka, anaoga, anasuka. Majirani wanasema ametulia, amekua. Wateja ndio walioanza kulalamika. Msuko anaousuka asubuhi, jioni umeshafumuka. Siku moja Fundi alimwekea uzi mkononi akamwambia, nifungie lile fundo lako. Akaugeuzageuza uzi vidoleni. "Nimelisahau," alisema, akatabasamu. Fundi akachukua uzi wake, akarudi upande wa dirisha. Tangu siku hiyo pazia la katikati halifunguliwi.

Mfuko wa vitambaa alikuwa ameutupa chini ya meza ya cherehani. Hakuugusa. Lakini siku moja, anatafuta bobini ya uzi iliyoviringika, aliusukuma kwa mguu akaona umekuwa mwepesi. Kwenye safari yake ya kununua vitambaa vya kushonea kwa jumla, alikiona cha kwanza kati ya vile vya msituni, barabara kuu inapotoka mjini, kwenye nguzo ya kibao. Rangi ya chungwa, ukingo wa menomeno wa mkasi wake mwenyewe. Kimefungwa. Kimezungushwa, kimepitishwa kwa chini, kimevutwa.

Alishuka kwenye gari akalia njiani kama mtoto.

Baada ya hapo vikawa vinasogea. Kwenye uzio wa kiwanda cha matofali. Kwenye bomba la maji la shule. Kwenye kona ya muuza vyuma. Mfuko ukizidi kupungua, vitambaa vikizidi kukaribia. Fundi hakufungua hata kimoja. Kila alipoviona alinong'ona, "Njoo, mdogo wangu. Pita hapahapa." Alifurahi na kuogopa kwa pamoja, kwa sababu alijua kuna siku wangekuwa wawili, na mmoja tayari analala kitanda cha pili.

Juzi mfuko ulibaki na kitambaa kimoja. Jioni, wakati wa kufunga duka, mfuko ulikuwa mtupu, na kile cha mwisho kilikuwa kwenye komeo la mlango, nje. Kimeloa. Mvua haijanyesha mtaani kwetu muda mrefu sasa.

"Dada," alisema yule nyuma ya pazia, "hicho kitambaa kitoe."

"Sikitoi."

"Kitoe."

"Nimesema sikitoi!"

Fundi aliweka kiti mlangoni kwa ndani, akaacha mlango wazi, akakaa akisubiri. Alikuwa ameapa kutolala. Alilala.

Alipozinduka kulikuwa kumepambazuka, muuza maziwa anapita na kengele yake. Mlango ulikuwa umefungwa na kukomewa kwa ndani. Yule wa nyuma ya pazia alikuwa amesimama ameuegemea, ameoga, amejipaka mafuta, kitambaa cha chungwa kiko mkononi mwake. Kimefunguliwa.

"Nje hakuna mtu, Dada," alisema.

Fundi alimsukuma, akafungua. Kizingitini palikuwa na kiatu kimoja cha mbio, cha kushoto, kimejaa tope bichi, kamba imekatika. Alikiokota, akaingiza mkono ndani.

Kilikuwa bado kina joto la mguu.