Kidole Gumba Chini ya Soli

Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, saa moja asubuhi, msichana ambaye wakimbiaji wenzake walimwita Upepo alikutwa amelala kifudifudi kwenye mteremko wa barabara ya mazoezi. Kichwa chake kilikuwa kimegonga ukingo wa zege wa mtaro. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Inspekta aliinama juu ya mwili. Barabara ilikuwa kavu. Kiatu cha kulia kilikuwa kizima. Cha kushoto hakikuwa na soli. Soli yenyewe ilikuwa hatua sita nyuma, juu kidogo kwenye mteremko.

"Aliteleza," alisema kocha, ambaye pia alikuwa mjomba wa marehemu. Macho yalikuwa yamemvimba. "Kila siku namwambia apunguze kasi kwenye mteremko. Hasikii, huyu mtoto."

"Soli ilitoka kabla hajaanguka?"

"Sikuona. Nilikuwa nyuma, kwenye pikipiki."

"Aliye nyuma ndiye anayeona, kocha."

"Nilikuwa natazama saa."

"Viatu alivipata wapi?"

"Vipya hivyo! Kiwanda cha viatu kilitupatia jozi ishirini. Nilimkabidhi kule kambini, kwa mikono yangu hii."

Inspekta aliandika maneno hayo yote, na ya mwisho akayapigia mstari.

Saa nne alikuwa kiwandani, mbele ya ofisa wa ubora, mwanamke mnene aliyening'iniza miwani kifuani. Ofisa alikigeuza kiatu, akakichunguza, kisha akabandua nembo ya klabu ya kocha iliyoshonwa kwenye ulimi wa kiatu. Chini yake palikuwa na tundu la mviringo.

"Hiki tulikikataa," alisema.

"Kwa nini?"

"Utomvu wa mpira tunauchanganya na salfa, tunaupika kwenye kalibu, chuma cha kuumbia soli, mpaka uive. Juu yake tunaweka povu, halafu kitambaa, vyote kwa gundi. Mpira wa fungu hili haukuiva. Ukikunjwa sana, unaachia. Ndiyo maana tunabandua soli na kutoboa ulimi, vinaenda kusagwa. Chenga zake zinatandazwa viwanjani."

"Nani alivipeleka kusagwa?"

"Kocha. Aliomba mwenyewe, eti uwanja wa klabu yake unahitaji chenga."

"Na zile jozi ishirini mpya?"

"Alizichukua pia. Akasaini."

Ofisa aliiinamisha soli kwenye mwanga. Kwenye gundi iliyokauka, upande wa kisigino, kulikuwa na alama ya kidole gumba.

"Wabandikaji tuliowafunza hapa wana tabia hiyo," alisema. "Hawapimi gundi kwa saa. Wanaigusa kisiginoni kwa dole gumba. Ikinata bila kufuata kidole, wanabandika. Lakini gundi hii ni ya dukani."

"Basi kilibandikwa nyumbani, na mkono wa kiwandani."

Ofisa alivaa miwani, akaisogeza soli karibu na macho. Alikuwa akitazama kovu lililoikata ile alama katikati.

"Unalijua hilo kovu, mama?"

"Kalibu ilimuunguza mwaka wake wa kwanza hapa." Aliivua miwani. "Inspekta, huyu ni mama wa marehemu."

Msiba ulikuwa katika nyumba ya vyumba viwili. Mama wa marehemu alikuwa ameketi kwenye mkeka, na mdogo wake, kocha, alikuwa amemshika bega. Inspekta aliwaomba wengine watoke nje.

"Mama, pole sana. Naomba nikuonyeshe kitu. Ulikibandika wewe?"

Mama aliipokea soli kwa mikono miwili. Aliona alama kisiginoni. Taratibu aliweka kidole gumba chake juu yake, kikakaa sawasawa, kovu juu ya kovu.

"Ni mimi," alisema. "Nilibandika jozi ishirini humu ndani. Hiki umekitoa wapi?"

"Kwenye mguu wa binti yako."

Kocha aliondoa mkono wake begani mwa dada yake.

"Hapana," alisema mama. "Hivi vilikuwa vya wazee. Mdogo wangu, si uliniambia ni vya wazee wa kule nyumba ya kulelea? Wanaotembea ukumbini tu?"

"Dada..."

"Sikukudai hata shilingi. Nilibandika huku naimba! Nikakuambia, mpira huu haukuiva, ni wa kutembelea, si wa kukimbilia. Nilikuambia au sikukuambia?"

"Uliniambia, dada."

Inspekta alifungua daftari lake.

"Vile vipya viko wapi?"

Kocha alitazama sakafu. "Niliwagawia wajumbe wa kamati ya riadha, wao na watoto wao. Walikuwa wanateua kocha mkuu wa timu. Miaka kumi na minne napitwa na watu niliowafundisha kushika filimbi! Nilitaka niteuliwe."

"Na wakimbiaji wako?"

"Nilidhani vitashika mpaka mashindano yaishe. Ni siku nne tu zilikuwa zimebaki."

"Ulimwona soli ikimtoka?"

"Nilimwona." Sauti yake ilikatika. "Jana alilalamika kiatu kinacheza. Nikamwambia funga kamba vizuri, usinitafutie visingizio."

"Naye akafunga," alisema mama.

"Akafunga. Akaniambia, sawa mjomba."

Mama alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni. "Ulipofiwa na mama ulikuwa hujaota meno. Nimekubeba mgongoni mpaka nguo zikachanika. Ungeniambia unataka cheo, ningekuombea kwa kila mtu ninayemjua. Kwa nini ulitumia kidole changu?"

Inspekta alimsomea kocha haki zake, akamkamata kwa kosa la kuua bila kukusudia, na siku hiyohiyo viatu vyote vya klabu vikakusanywa. Jozi kumi na tisa, kila ulimi una tundu chini ya nembo.

Mlangoni, mama alimwita Inspekta.

"Hiyo soli mtanirudishia?"

"Ni kielelezo, mama. Baada ya kesi."

"Nitaingoja. Ndicho kitu cha mwisho nilichomfanyia mwanangu, na sikujua kama ni kwa ajili yake."

Wewe uliyesoma, usiikunje karatasi hii yenye kisa hiki ukaiweka chini ya godoro. Msomee yule anayevaa alichopewa na ndugu bila kuuliza. Kisha umwombe naye amsomee mwingine.