Ukurasa Usio na Njia

Mimi Ondiek, mshona akala, viatu vya matairi, wa Kariokor, nilikuwepo. Atakayekwambia vingine alisimuliwa tu; mimi niliona kwa macho haya mawili, na akala zangu zilionekana hadi Ulaya kwenye kompyuta hiyo nitakayoisimulia. Uliza mtu yeyote mtaani Mbotela.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Nzivo, karani aliyestaafishwa mapema, alitunza tovuti ya kikundi chetu cha mafundi kwenye kompyuta chumbani mwake Mbotela. Kurasa alizipanga kama nyumba za kaunsili: jina la kikundi, mkwaju, kile kistari kilicholala upande, kazi, mkwaju, jina la fundi. Akala, mkwaju, Ondiek. Hapo nilikaa mimi. Vyondo, mkwaju, Kamene. Hapo alikaa mkewe, aliyesuka vikapu hivyo vya mkonge mpaka wiki aliyofariki.

Baada ya mazishi wateja waliendelea kuandika wakimuulizia Kamene. Kuwajibu kwamba amekufa, Nzivo hakuweza. Akaondoa jina lake kwenye orodha ya ukurasa wa mbele, na barua zikakoma. Ukurasa wenyewe hakuufuta. Ulibaki kwenye anwani yake bila njia ya kuufikia, na kila saa nane mchana aliiandika anwani hiyo herufi kwa herufi, akaketi akitazama picha ya mkewe mpaka chai ikapoa.

Chini ya picha kulikuwa na kihesabu cha wageni. Nzivo alifungua mara moja kwa siku. Kihesabu kilipanda mbili.

"Labda ni wewe," aliniambia kwa sauti ya chini.

"Mimi hata kuiwasha sijui," nikasema, na kwa mara ya kwanza sikuwa najisifu.

Wiki iliyofuata chumba kilinuka mkonge uliochemshwa na rangi, ilhali sufuria ya Kamene ya kuchemshia nyuzi ilikuwa imeshapelekwa kwao Machakos. Halafu mchana mmoja, mimi nikiwa mlangoni na Nzivo ameshika waya wa simu mkononi, ameuchomoa ili fundi wa simu wa posta aikague laini, modemu, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na simu, ikaanza kulia ule mlio wake wa kukwaruza, ikalia bila waya, ikalia mpaka ikatulia kama mtu aliyefunguliwa mlango, na kwenye kioo cha kompyuta, chini ya vyondo, chini ya Kamene, ukafunguka wenyewe ukurasa ambao hakuna aliyeutengeneza, mweupe, mtupu, na anwani yake ikiishia na jina Nzivo.

Tulikwenda mtaa wa Majengo kwa Sheikh Burale, mtoa majini, Nzivo akiomba wenzake wa kanisani wasijue. Sheikh hakuwahi kuona kompyuta. Alisikiliza, kisha akauliza swali moja.

"Nyumba hiyo ilikuwa na njia?"

"Ilikuwa nayo. Niliitoa."

"Basi mpangaji aliyemo ndani si mkeo, ndugu yangu. Amepata nyumba ambayo watu hawapiti, na sasa amekutengea chumba. Rudisha njia, watu wapite, waambiwe mwenyewe amekufa. Au bomoa. Ukiendelea kumtembelea peke yako, utahamia."

Nzivo alirudi, akaandika jina la Kamene kwenye orodha, na kando yake neno marehemu. Akaweka kidole juu ya kitufe. "Nikibonyeza, Ondiek, atakuwa amekufa kwa kila mtu," alisema. Akabonyeza. Harufu ikakatika, ule ukurasa mtupu ukatoweka, jini likatoka.

Hivyo ndivyo ninavyoisimulia Kariokor, na watu huniongezea chai.

Jambo moja nimelitunga. Hakubonyeza. Nilimwacha ameketi, kidole hewani, nikaenda kushona. Jioni jirani yake Mwongeli akaniita: mlango wazi, chai bado ya moto, kiti kitupu. Ukurasa wa Nzivo haukuwa mtupu tena. Ulikuwa na picha yake, akitabasamu, na sikuwahi kumwona akitabasamu tangu mazishi.

Siku hizi nimejifunza kuiwasha kompyuta ile. Saa nane naandika anwani ya Kamene herufi kwa herufi, maana sina mwingine wa kunywa naye chai. Nafungua mara moja tu.

Kihesabu hupanda tatu.