Milimita Moja Kwenye Shingo ya Gitaa

Saa sita kasoro dakika ishirini mchana, Jumamosi, Ludmiła Pyka, Luda kwa wenzake, alifungua begi la gitaa lake nyuma ya jukwaa la ukumbi wa utamaduni wa mji wa Bytom, Poland, akauvuta uzi mwembamba mara moja, akapiga kelele. Uzi ulikuwa umeteleza nje ya ukingo wa shingo. Fainali ya mashindano ya bendi ilikuwa saa saba kamili.

"Hiyo kazi ya Mama Bronka," alisema Radek Mrozek, mpiga gitaa mwenzake wa bendi. "Si ndiye aliyelishika juzi Alhamisi? Macho yameisha, lakini miwani hataki!"

Mkuu wa ukumbi, Hubert, alimwita Bronisława Kurpas kutoka karakana yake ya kutengeneza magitaa, ng'ambo ya ua. Bronka alikuwa fundi mitambo mgodini miaka ishirini na sita kabla hajahamia kwenye magitaa, na hakuwa mtu wa kubembelezwa.

"Bronka," Hubert alisema mbele ya watu wote, "kama hili ni kosa lako, kuanzia leo hakuna gitaa la ukumbi huu litakaloletwa kwako."

Maneno hayo yalimchoma. Wapiga gitaa wote wa mji walipita ukumbini hapo. Jina likichafuka hapo, karakana unafunga. Alivaa miwani, akainama.

Kile chuma kilichopo juu ya shingo, chenye vibanio vitatu vya kushikilia nyuzi, kilikuwa kimesogea milimita moja kuelekea uzi mwembamba. Skrubu zake mbili, nyuma ya shingo, zilikuwa zimekazwa barabara.

"Hakikuteleza chenyewe," alisema. "Mtu amekisogeza, akakikaza, akatyuni nyuzi upya."

Akahamia mwisho wa pili wa nyuzi, kwenye tumbo la gitaa, penye skrubu sita ndogo za kusawazishia sauti. Zote zilisimama katikati, zimelingana.

"Luda, hizi huwa unaziacha wapi?"

"Nazikaza mpaka mwisho, Mama. Si unanigombeza kila siku? Hata Alhamisi nilizikaza mbele yako ukanisonya."

Bronka aliuliza nani aliingia chumba cha kubadilishia nguo kati ya saa nne na saa tano na nusu, begi lilipokuwa humo bila Luda. Walikuwa wawili: Radek, na Zenon Gawlik wa bendi pinzani.

"Wewe Zenon," alianza Bronka, "jana ulimwambia Luda vidole vitamganda jukwaani."

"Nilimtania! Nimeingia kuchukua waya wangu, dakika mbili, nimetoka. Mnaniona mchawi?"

"Radek je?"

"Mimi nilikaa humo nikinywa chai. Na gitaa la vibanio sijawahi kulishika maishani mwangu. Langu ni la kawaida, kila mtu analijua."

Bronka alilegeza nyuzi, akalegeza skrubu mbili za nyuma kwa alenki, ufunguo mdogo wa pembe sita, akakisukuma chuma kwa kidole gumba. Alipima kingo zote mbili kwa kijirula chake mpaka zikalingana, akakaza. Kisha akazizungusha zile skrubu sita ndogo zote mpaka mwisho.

"Macho yangu si yameisha? Basi nisaidieni. Zenon, tyuni huu uzi mnene, halafu ubane."

Zenon alityuni kwa kitasa cha kukazia uzi kichwani mwa gitaa, akabana papo hapo. Sauti ikapanda. Akazungusha kitasa tena, wapi.

"Hiki kidude kina mapepo!" alilalamika, watu wakacheka.

"Radek, shika huu mwembamba."

Radek alipokea alenki. Kabla hajagusa kitasa cha kichwani, vidole vyake vilikwenda kwenye skrubu ndogo ya uzi huo, vikairudisha katikati.

"Nani kakufundisha hivyo?" aliuliza Bronka.

"Nime... nimeona tu."

"Umeona wapi? Ukishabana nyuzi, vitasa vya kichwani havina kazi tena, zinabaki hizi ndogo. Aliyezoea huziweka katikati kwanza, apate pa kupandishia na pa kushushia. Luda haziweki. Zenon hazijui. Leo nimezikuta zote katikati. Mazoea yana taabu, mwanangu."

Radek alitupa alenki mezani. "Sawa, nimefanya mimi! Nilikuwa nalo la hivi miaka sita, kabla sijaja kwenu. Ile solo nimeitunga mimi, miezi minne, mkampa yeye! Gitaa lake lingekwama, mngenipa mimi niipige."

"Ungeniomba, Radek," alisema Luda huku machozi yakimlengalenga. "Ningekuachia."

"Kikulacho ki nguoni mwako, dada," alisema Zenon, akamfungulia Radek mlango wa kutokea.

Saa saba kamili Luda alipanda jukwaani. Alipofika kwenye solo aliuvuta uzi mwembamba kwa nguvu zake zote, na haukutoka mahali pake. Ukumbi mzima ulisimama. Majaji hawakuchukua hata dakika tano kuipa bendi yake ushindi.

Katikati ya vifijo Hubert alimsogelea Bronka, akamnong'oneza, "Nimekukosea. Nisamehe."

Bronka alimwonyesha jukwaa. "Kunituhumu ulinituhumu mbele za watu. Kasemee kwenye maikrofoni."

Hubert akapanda, akasema, na watu walimpigia Bronka makofi mengi kuliko waliyoipigia bendi.