Mwambie Sipo

Siku ya soko mjini Busia, katikati ya wachuuzi wa ndizi na malori yaliyongoja kuvuka kwenda Uganda, goti la Ayoo lilikataa kukunjika. Akasimama pale pale na gauni lake la manjano, madereva wakimpigia honi. Kijana mmoja mwenye suruali pana chini na nywele zilizochanwa zikasimama akamshika mkono.

“Usinivute,” Ayoo alimwambia. “Ningoje tu. Litaachia lenyewe.”

Akamngoja. Jina lake Okwara, fundi wa malori kule Malaba. Alimtania kwamba anajua injini nyingi zinazokwama hivyo. Ayoo akajibu kwamba yeye si lori, akacheka. Alikuwa mshonaji, na maumivu ya viungo alikuwa nayo tangu utotoni. Kuna siku yalimlaza kitandani, kuna siku alicheza dansi. Okwara akawa anakuja Busia kila Jumapili. Siku za kazi walipigiana simu, yeye akiwa gereji, Ayoo kwenye duka la jirani, akiitwa mpenzi huku wanunuzi wa sukari wakitega masikio.

Kisha kipindupindu kikaingia. Soko likafungwa, samaki wakapigwa marufuku, watu wakaacha kusalimiana kwa mikono. Wenyeji wa Sio Port, kijiji cha wavuvi ziwani alikozaliwa Ayoo, wakatazamwa kama wao ndio ugonjwa. Baridi ya mvua nayo ikamkaza viungo, akashindwa kutoka. Majirani walipoona mlango haufunguki wakasema ameambukizwa, wakaacha hata kumletea maji.

Habari zilimfikia Okwara, naye akaogopa. Alijiambia kwamba polisi wamefunga barabara, ingawa malori aliyoyatengeneza yalipita kila siku.

Asubuhi moja Ayoo alijikokota hadi dukani akishika kuta, akapiga simu gereji. Aliyepokea ni Opio, mwenzake Okwara. Okwara akatikisa kichwa, akamnong’oneza Opio aseme hayupo. Ayoo akashukuru, akakata simu.

Baadaye dereva mmoja akamwambia Okwara kwamba yule mshonaji hakuwa na kipindupindu hata kidogo. Ni maumivu yake yale yale. Hilo halikumfariji. Alijua kwamba Ayoo angekuwa nacho kweli, yeye angemwacha afe. Mchana huo huo akaomba lifti.

Alimkuta ameketi kitandani, amekonda, kitambaa cha kichwa amekifunga vizuri. Akaanza kueleza habari za polisi barabarani.

“Nilikusikia,” Ayoo alisema. “Ulisema, ‘Mwambie sipo.’”

Okwara akakaa sakafuni. Akakiri kwamba aliogopa kufa, akalia. Kisha akasema anataka kumwoa, hata mwezi huo.

“Bado nakupenda,” Ayoo alisema. “Lakini unaniomba kwa sababu unaona aibu. Nikikubali leo, kila nikilala na maumivu utaniona kama adhabu yako. Ngoja aibu ikuishe.”

“Na isipoisha?”

“Basi utakuwa unanichotea maji tu.”

Okwara akachukua ndoo, akatoka, majirani wakimtazama. Akaja tena Jumapili iliyofuata, na nyingine, akifua, akimkanda nyonga, akiomba radhi kila mara. Soko lilipofunguliwa bado alikuwa anakuja.

Jumapili moja alilalamika kwamba uji wa Ayoo umeungua, wakabishana mpaka wakacheka. Ayoo akagundua kwamba siku hiyo Okwara hakuwa ameomba radhi hata mara moja. Akaweka kikombe chini.

“Sasa niulize tena la ndoa,” alisema.