Sauti Nyuma ya Mashuka

Dobi alikuwa akipiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni aliposikia sala yake ikimtangulia. Sista mmoja wa parokiani ndiye aliyemfundisha: ukivuta pumzi, "Yesu", ukiitoa, "nihurumie". Mchana ule alivuta pumzi, na kabla hajaitoa, nyuma ya mashuka yaliyoning'inia kwenye kamba mle chumbani mtu akasema taratibu, "Nihurumie."

Mwingine angetimua mbio. Yeye alifurahi! Sista alishamwambia kwamba ipo siku sala itazama moyoni na kujisali yenyewe. Akaona siku imefika, akaanza hata kuringa kidogo.

Ila chumba kikaanza kunuka nguo mbichi iliyosahaulika ndooni. Sauti ikaongeza mwendo, naye akawa anaifuata. Akijaribu kupumua kivyake, kifua kinagoma. Mumewe alipomkuta anatweta mezani, midomo ikimcheza, alikimbilia kwa masista bila viatu.

"Sista, njoo, mke wangu ananifia."

Sista alipofika alisimama mlangoni, akasikiliza, uso ukamshuka.

"Mwanangu," alinong'ona, "umelisikia likitaja Jina la Yesu hata mara moja?"

Dobi akatikisa kichwa.

"Basi halimwombi Bwana. Linakuomba wewe. Usilijibu. Ukilihurumia tu, limeingia."

Akaanza kukemea kwa sauti kubwa, na lile likaanza kulia, nihurumie, nihurumie, kama mtoto aliyefungiwa nje mvuani, mashuka yakitikisika na madirisha yote yamefungwa, harufu ikipanda mpaka kooni, na dobi, ambaye hajawahi kumpita mwombaji bila kumpa chochote, akang'ata ulimi, akaziba masikio, akafumba macho, lakini kilio kilikuwa kimeshafika kifuani mwake, kikidhoofika, kikikaribia kukata roho, mpaka machozi yakamtoka.

"Maskini," akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyeisikia.

Mashuka yakatulia. Harufu ikaondoka.

"Mama watoto, u mzima?" mumewe akauliza.

"Mzima kabisa," mdomo wa dobi ukajibu, ukitabasamu.

Sista akapiga ishara ya msalaba, akamshukuru Mungu. Mume akalia kwa furaha. Na ndani kabisa, mahali pasipo na pumzi, dobi alikuwa akipiga kelele, nihurumie, nihurumie, akilitafuta lile neno la kwanza, na halikumjia.